FUNDI WA AC ANANIAMBIA "FUNGUENI MADIRISHA". MADIRISHA YAPI???

MamaWaCoaster:

Ndugu zangu, leo nasema. Mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja, maana kila mwenye basi hapa Uganda, kuanzia Malaba mpaka Arua, ameshamlipa huyo mtu akabaki anajipepea na gazeti. Yule wa ovaroli safi. Fundi gani huyo, ovaroli miaka yote haina hata tone la oili?

Niko kando ya barabara, tumeshavuka Karuma tunaelekea Pakwach, saa nane mchana, jua limeshuka mpaka kwenye paa. Nina wageni kutoka Mombasa, familia nzima, wanakwenda kuona tembo na maporomoko ya Murchison. Nampigia simu mtu huyo, nimeweka spika ili na dereva asikie. Ananijibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mama, kwani si mfungue tu madirisha?"

MADIRISHA!

Basi langu halina madirisha! Ni Coaster niliyoigeuza nyumba, ina vitanda, ina jiko, ina kabati. Kuanzia nyuma ya dereva mpaka mwisho ukuta ni plaiwudi na sifongo ndani yake. Na nani aliniambia niyazibe? YEYE. Alisimama hapo mlangoni, kalamu sikioni, akanionyesha dirisha moja moja kwa kidole: "Hili ziba. Hili ziba. Hata hili, Mama, ziba, ubaridi usitoroke." Nikamlipa seremala, yakazibwa yote. Leo mtu yuleyule, mdomo uleule, ananiambia nifungue.

Sasa sikieni kazi yenyewe. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ya AC, kaichomelea kwenye chesisi, fremu ya gari. Chesisi! Injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, dizeli, imekalia raba zake, ukiiwasha inatikisika, ukikanyaga mafuta inainama. Kompresa yake imetulia tuli kwenye chuma, haina habari. Katikati yao kuna mkanda, huku unavutwa, huku unalegea. Tulipofika Wobulenzi ukaanza kulia. Nakasongola ukaanza kunuka. Tulipomaliza tu daraja la Karuma, PAAA, chini ya kile kifuniko cha injini pale mbele, mtoto wa watu akapiga kelele, dereva akadhani tairi limepasuka.

Na ubaridi wenyewe? Ulikuja Bombo, ulipofika Luweero umeshaondoka. Kondensa, ambayo kazi yake ni kutupa joto nje, kaifunga chini ya sakafu, ubavuni mwa bomba la ekzosi. Gari ni la volti 24, klachi ya kompresa ni ya volti 12, nilipomuuliza akasema kaongeza waya mrefu "umeme uchoke njiani". Mkanda uliporuka ndipo tukajua maana ya plaiwudi. Tulipikwa humo ndani kama matoke kwenye majani ya migomba. Nyani wa Karuma, wanaopora watu ndizi mikononi, walikuja, wakatutazama, wakaondoka bila kuomba kitu.

Lakini hayo yote ningesamehe. Mkanda hununuliwa. Lile neno la madirisha silisamehe. Baba wa ile familia, mtu mzima, kanzu imemganda mgongoni, alipolisikia kwenye spika aliinuka akaanza kutafuta dirisha. Mzee wa watu alipapasa ile plaiwudi kwa kiganja, kutoka kitanda cha kwanza mpaka jikoni, anatafuta komeo. Kisha akanigeukia kwa adabu zote za Kimombasa: "Mwanangu, dirisha liko wapi?" Jamani! Ningemjibu nini? Ardhi ingepasuka ningeingia na Coaster yangu.

Nani mwingine ameumizwa na mtu huyu? Semeni. Leo ni leo.

---

DerevaWaMalaba: Wa simu mbili na moja haina laini? Namjua!!! Basi letu alilifungia AC ikawa inatoa maji juu ya kichwa cha konda. Tulipomrudia akasema, "Iacheni, itazoea gari." AC izoee gari!

MamaWaCoaster: Huyo huyo! Mimi kaniambia MADIRISHA.

Mnubi_Bombo: Pole sana dada. Ila mmeona ubaridi ulipotokea? Bombo. Bombo tuna baraka zetu, mtuheshimu.

FundiBaridi_Jinja: Dada, nisikilize mimi ninayekula kwa kazi hii. Breketi ya kompresa hufungwa kwa bolti kwenye injini yenyewe. Injini ikitikisika, kompresa nayo inatikisika pamoja nayo, mkanda haujui kitu. Puli zote, yale magurudumu yanayozungusha mkanda, zikae mstari mmoja. Weka rula ndefu ya chuma usoni mwa puli, ukiona mwanga unapita, legeza uanze upya. Mkanda unaolia ni mkanda unaolalamika, haikupasa dereva apite Wobulenzi.
Pili, alivuta hewa kabla ya kujaza gesi?

MamaWaCoaster: Alifungua chupa ya gesi kidogo, ikafanya fyuuu, akasema "hewa imetoka".

FundiBaridi_Jinja: Lahaula! Hewa haitoki kwa fyuuu. Ni pampu, nusu saa na zaidi, kisha unafunga unaitazama geji. Sindano ikirudi, una tundu mahali. Unyevu ukibaki ndani ni balaa. R134a, hiyo gesi ya AC, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo maji yakifika kwenye valvu ya kupozea yanaganda barafu na njia inaziba. Ndiyo maana ulipata ubaridi wa Bombo ukakosa wa Luweero. Na maji hayohayo yakikaa na gesi na oili yanageuka asidi, yanaila kompresa kwa ndani.
Kompresa kaitoa wapi? Coaster iliyotoka kiwandani na AC huwa na kubwa, aina ya 10P30, ujazo wake karibu sentimita za ujazo 300. Ya gari dogo ni nusu ya hapo. Nusu hiyo na kondensa ya kuokwa na ekzosi, hata ungefunga na mlango usingepata kitu.

MamaWaCoaster: Kaitoa kwenye gari la harusi lililogonga. Fundi, asante, Mungu akubariki, nitakutafuta Jinja. Lakini ungemwambia mteja afungue madirisha uliyomzibisha wewe mwenyewe?

FundiBaridi_Jinja: Abadani.

KijanaWaWestNile: Mama, unaingia Pakwach kwenye sanduku la mbao? PAKWACH? Sisi huku mbuzi wanatembea kwa zamu kivulini. Hukuacha hata tundu la kupitisha kidole? Mimi niko upande wa fundi 😂😂😂

MamaWaCoaster: Wewe kijana, una mama? Angekuwa humo ndani angecheka? Nimelipa hela ya AC, sikulipa hela ya tundu.

KijanaWaWestNile: Mama yangu anasafiri na basi lenye madirisha 😂

Nyabo_Mbale: Hebu mwacheni mwenzenu, ana wageni. Nyabo, wale wageni mlifikaje?

MamaWaCoaster: Lori la samaki lilituvuta mpaka Pakwach, milango wazi, ngazi inaburuzika. Yule baba hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliniuliza tena kwa upole kama madirisha yalipotelea kwenye ajali.

BusiaBoda2Boda: Nyie mnalia na mkanda. Mimi huyu mtu alinijazia GESI YA KUPIKIA kwenye AC ya matatu yangu. Alikuja na mtungi mgongoni kwenye pikipiki. Nikamuuliza, akasema "gesi ni gesi". Na ubaridi ulikuja kweli, usiniulize.

FundiBaridi_Jinja: Ulikuja, kwa sababu propani iliyomo kwenye gesi ya kupikia nayo hupoza vizuri. Lakini inashika moto! Kidude cha kupozea kiko ndani na abiria, bomba likivuja gesi inajaa humo humo, mtu mmoja awashe sigara. Na wewe MamaWaCoaster una jiko ndani na kuta zimezibwa. Kabla hujawasha hata kiberiti hakikisha amekujazia nini. Nasema kwa uzito wote.

MamaWaCoaster: Eeh Mola. Chupa ilikuwa imeandikwa R134a, niliisoma mwenyewe.

SsaloongoTours: Swali: AC ya mkanda inaishi kwa injini. Mkizima gari usiku mkalala, mnapozwa na nini? Ungeweka AC ya nyumba na jenereta, hata barabarani ungeiwasha.

MamaWaCoaster: Usiku tunafungua mlango, upepo wa Nile unaingia. Joto letu ni la mchana, barabarani, injini ikiwaka. Jenereta nibebe wapi, kitandani na wageni? Usinichanganye ssebo.

Mwalimu_Tororo: Naomba kuongeza kidogo. Hiyo R134a yenyewe inapunguzwa duniani. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana hapo jirani Kigali, kwa sababu hewa hiyo ikivuja inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kabla yake kulikuwa na R12, iliyotoboa tabaka la ozoni, ikakatazwa. Kwa hiyo fundi anayefungua chupa ifanye fyuuu hakumkosea dada yetu peke yake.

DerevaWaMalaba: Mwalimu, kengele imelia.

Mwalimu_Tororo: Kaa chini, sijamaliza. Tena oili ya R12 haichanganyiki na R134a. Wengi wanajazia gesi mpya juu ya oili ya zamani, kompresa inakauka inakufa.

FundiBaridi_Jinja: Hapo Mwalimu kasema kweli tupu.

KondaMstaafu: Nyote mna bahati mmetendwa na fundi wa AC. Kuna fundi wa SITI, mnamjua, wa pale chini karibu na wauza vyuma. Nilimpeleka basi zima. Alishona siti za kulia kwa ngozi nyeusi, za kushoto kwa kitambaa cha pazia la maua. Nikauliza. "Nyeusi iliisha." Abiria sasa wanagombea upande.

Nyabo_Mbale: Huyo!!! Siti yangu ya dereva aliiongeza sifongo, mume wangu mrefu sasa anaendesha kichwa kimeinama mpaka Soroti.

BusiaBoda2Boda: Mimi alipunguza. Abiria akikaa magoti yanafika kidevuni.

MamaWaCoaster: Jamani, uzi huu ni wa MADIRISHA. Anzisheni wenu.

KondaMstaafu: Dada, tunakuja, subiri. Nani alipewa zile siti zilizofungwa kwa bolti mbili badala ya nne? Nilikanyaga breki Lugazi, safu nzima ikanifuata na abiria wake.

SsaloongoTours: Mimi. Na mkanda wa usalama kaushonea kwenye kitambaa cha siti. KITAMBAA. Ukiuvuta siti inachanika.

Mnubi_Bombo: Huyo wa siti si alihama? Nasikia sasa anashona mashuka ya hosteli.

Nyabo_Mbale: Hakuhama. Jana nimemwona, ana kosta ya shule pale nje, kaitoa siti zote kaziweka mvuani.

KondaMstaafu: Ya rangi ya njano? Nyabo, nambari inaanzia na herufi gani? HIYO NI YANGU!