Mnaohudumu bila kutajwa majina hapa Kigoma mwisho wa reli, tupeane uzoefu

Mama Gungu:
Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili imesomwa orodha ya waliochangia chakula cha kongamano, mtu na kiasi chake, na makofi juu. Waliokesha wanatoa mchanga kwenye dagaa hawakutajwa, na ndivyo inavyotakiwa. Ubaya ni kwamba anayeijua kazi naye ananyamaza, basi kila mwaka tunabahatisha upya. Semeni humu, majina si lazima.

Naanza. Dagaa wa kichanja hana shida. Kamati hununua wa mchangani kwa kuwa bei yake iko chini, halafu wanamwosha kwa kumimina maji, mchanga unabaki chini na dagaa wanaurudia. Tia maji ya vuguvugu beseni zima, vuruga kwa mkono, subiri mchanga utue, kisha waopoe dagaa wakiwa juu uwahamishie beseni la pili. Rudia mara tatu, mpaka ukipapasa kitako cha beseni husikii chembe. Watu 100 ni dagaa wakavu kilo 5, mawese lita 3, unga wa mahindi kilo 25.

Fundi Sufuria:
Nakazia. Na huo unga kilo 25 usiingie sufuria moja hata kama mnayo. Ukizidi kilo 8 mwiko haugeuzi chini, juu unaona ugali, katikati ni madonge mabichi. Sufuria nne, wasongaji wawiliwawili wanaopokezana.

Bangwe:
Maharage je? Yetu hukataa kuiva hadi saa nane mchana.

Fundi Sufuria:
Hamyaloweki usiku, na mnatia nyanya mapema. Nyanya ina asidi, inayakaza maharage. Nyanya iingie yakishaiva.

Dada wa Kwaya:
Tia magadi kidogo, saa moja tu yameiva 😂

Fundi Sufuria:
Na vitamini zimekwenda na maji, dada. Loweka.

Mwana Ujiji:
Samahani, nirudi kwenye majina. Mathayo 6:3 inasema mkono wa kushoto usijue. Lakini sura ya 5 mstari wa 16 inasema nuru yenu iangaze watu wayaone matendo yenu mema. Sasa tukipiga picha tukigawa sabuni wodini tukaweka status, kosa liko wapi?

Kasulu Moja:
Kosa liko kwenye uso wa mgonjwa aliyelala na mpira wa mkojo, kaka. Yeye ameomba kuangaziwa?

Mwana Ujiji:
Usinihukumu mkuu. Picha huleta wachangiaji.

Kasulu Moja:
Piga picha katoni za sabuni basi. Sura ya 5 imemalizia kwa kusema wamtukuze Baba. Hakuna status niliyoiona ikiishia kwa Baba, zote zinaishia "hongera sana mtumishi".

Mzee wa Mwanga:
Vijana, amani. Mnachanganya siri na uficho. Mtoaji ana haki ya kufichwa. Fedha haina haki hiyo. Mtu akileta sadaka ya jikoni hataki jina, mweka hazina anaandika daftarini "Mkristo", tarehe, kiasi na namba ya stakabadhi. Wanahesabu watu wawili wasio wa nyumba moja, wote wanasaini. Stakabadhi anakabidhiwa yeye mwenyewe, haibandikwi ubaoni. Wale saba wa Matendo 6 walichaguliwa kwa sababu manung'uniko ya mgawo wa kila siku yalikwishaanza. Huduma isiyo na daftari huzaa maneno, na maneno yakianza hata mnyofu anaonekana mwizi.

Bangwe:
Shikamoo mzee. Hapo kwenye "wasio wa nyumba moja" umegusa watu 😅

Dada wa Kwaya:
Na kutawadhana miguu? Wasabato kila robo mwaka, Wakatoliki Alhamisi Kuu. Lakini watu wanakuja wameshasugua visigino nyumbani na kupaka mafuta. Sasa hapo anaoshwa nini?

Nesi wa Zamu:
Dada wa Kwaya, umenichokoza. Miguu yenye uchafu wa kweli iko wodini, na huko ndiko nia njema inakoumiza watu. Niandike yote.

Kisa kinajirudia, sisemi hospitali gani kwa kuwa ni popote. Mpendwa amesoma Yohana 13, anakuja na beseni na chupa ya chai yenye maji ya moto. Mgonjwa ana kisukari miaka mingi. Anamimina, anauliza, "Baba, yanaunguza?" Mzee anajibu hapana mwanangu, safi kabisa. Na hadanganyi, kwani mishipa ya fahamu ya miguuni imekufa, hasikii. Wanaimba pambio, wanaomba, wanaondoka. Jioni nyayo zimevimba malengelenge. Ngozi inatoka na soksi. Kidonda cha mguu wa kisukari hakiponi kirahisi, na kuna wanaoishia kukatwa kidole, hata mguu. Kwa beseni la upendo.

Kwa hiyo: kwanza muulize muuguzi wa zamu, usimwamini mgonjwa. Maji pima kwa kiwiko chako, yawe vuguvugu kama ya kuogesha mtoto mchanga. Usiloweke miguu, osha kwa kitambaa laini na sabuni, suuza. Kausha katikati ya vidole kimoja kimoja, unyevu ukibaki hapo fangasi anaingia na ngozi inapasuka. Mafuta paka juu na kisigino, kati ya vidole usipake. Kucha usikate. Ukiona kidonda, acha ulivyokikuta, mwite muuguzi.

Kibirizi:
Yesu na Maria. Wengi tunabeba chupa za chai hivyo hivyo.

Mama Gungu:
Nimesoma mara mbili.

Mwana Ujiji:
Nesi, na kulisha? Sisi hupeleka uji.

Nesi wa Zamu:
Uliza kwanza kama anasubiri upasuaji, huyo hali kitu. Anayeruhusiwa, mkalishe, usimlishe amelala chali, uji utaingia njia ya hewa. Kijiko kidogo, ameze ndipo umpe kingine. Wasio na ndugu anawajua afisa ustawi wa jamii, anzeni kwake badala ya kugawa kitanda kwa kitanda. Wenye ndugu wanapata uji mara tatu, yule wa pembeni hapati.

Bangwe:
Sisi wa vyoo hatuna nafasi humu? 😂

Kibirizi:
Mnayo. Mei 2015 kipindupindu kilipozuka kwa wakimbizi wa Burundi kijijini Kagunga, wengi huku walijifunza kuchanganya Jik, ile dawa ya klorini, sasa wamesahau. Jik ya asilimia 3.5: kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, hiyo ni ya sakafu na matapishi. Ikae dakika 10 ndipo usugue. Ukitaka ya kusuuza vyombo, chukua hiyo uliyochanganya, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji. Changanya kila siku, ya jana imeshapungua nguvu. Na kamwe usiimwage pamoja na ile dawa kali ya asidi ya kung'arisha sinki la choo. Hewa yake inakaba.

Dada wa Kwaya:
Mimi nasema tia zote mbili choo king'ae 🤣

Kibirizi:
Dada, wewe baki na magadi yako.

Mzee wa Mwanga:
Mama Gungu, mabeseni ya kanisa ni mangapi?

Mama Gungu:
Sita, mzee. Yote ya kijani.

Mzee wa Mwanga:
Ndiyo yanayooshea dagaa?

Mama Gungu:
Ndiyo hayo. Na mawili yalikwenda wodini Jumapili.

Nesi wa Zamu:
Hayo mawili yasirudi jikoni. Yaandikeni WODI kwa rangi ya mafuta, ubavuni siyo chini.