"Serikali itagharamia matibabu ya wahanga wa mafuriko": sawa, bili ya kituo chetu hapa Dodoma analipa nani?

Wakuu, poleni na majukumu. Mods, naomba msiunganishe huu uzi na ule wa barabara mbovu, hili ni jambo jingine kabisa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo kimoja cha afya cha umma hapa Dodoma jiji. Jina la kituo silitaji, mganga mfawidhi asije akaitwa kujieleza kwa sababu ya mdomo wangu. Sisi wajumbe ni wananchi tu, mshahara hatuna, lakini ndio tunaopitisha matumizi ya hela za kituo. Kwa hiyo ninachokisema nakijua.

Msimu wa mvua uliopita maji yalivamia kaya za mabondeni nje ya mji. Watu wakaletwa usiku kwa Fuso, wakalazwa madarasani kwenye shule ya msingi. Wagonjwa wakaja kwetu: waliovunjika, watoto wanaoharisha, wajawazito, wazee wa presha ambao dawa zao zimeenda na maji. Asubuhi akafika kiongozi na kamera zake: "Asitozwe mtu hata senti tano, serikali itagharamia!" Makofi. Akapanda gari, akaondoka.

Na kweli hatukumtoza mtu. Nani atamdai hela mama aliyefika na kanga moja, nayo imelowa? Hapo sina ugomvi na yeyote.

Ugomvi wangu unaanzia dirishani. Mgonjwa ukimwandikisha, ama analipa papo kwa papo, ama ana bima, ama CHF (mfuko wa afya ya jamii), ama ni wa msamaha, yaani asiyetozwa kwa mujibu wa sera. Hawa kadi hawana, vitambulisho hawana, vyote vimebaki kwenye tope. Muuguzi wa zamu akatafuta kaunta buku, akachora mistari kwa rula: jina, kijiji, ugonjwa, dawa, malipo. Kwenye safu ya malipo akaandika MAAFA kwa biro nyekundu. Fungua leo hicho kitabu, ni MAAFA, MAAFA, MAAFA kurasa nzima nzima. Huo ndio ushahidi pekee tulionao.

Dripu, glavu, antibayotiki, POP (plasta ya kufungia mifupa), dizeli ya jenereta, mafuta ya gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa, vyote vilitoka kwenye makusanyo ya kituo. Yaani hela ya mama lishe na bodaboda wa mtaani kwetu waliolipa dirishani ndiyo iliyotibu maafa ya taifa. Sasa duka la dawa la kituo ni rafu tupu, na mjamzito ambaye sera inasema atibiwe bure anaambiwa aje na glavu zake.

Tukaandika barua. Ofisi ya kwanza: leteni tathmini. Tukapeleka. Ya pili: hili si letu, nendeni kule. Kule sasa, bwana mmoja akatuambia bila hata kucheka kwamba tulitakiwa kuomba kibali kabla ya kutumia. Kibali! Mtu mfupa umetoka nje, sisi tusubiri muhuri?

Halafu akaja mkaguzi, akakuta dawa zimetoka bila mapato yanayolingana nazo. Hoja ya ukaguzi hiyo. Muuguzi aliyekesha na wagonjwa ndiye anayetakiwa kuijibu.

Msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 ipo, mfuko wa maafa umo, kamati za maafa zimepangwa kuanzia taifa mpaka ngazi ya chini. Hanang, Desemba 2023, tope lilipoua watu zaidi ya 80, serikali ilitangaza kugharamia matibabu ya majeruhi na mazishi. Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa alisimama bungeni, hapa hapa Dodoma, akasema mvua zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya laki mbili. Kwa hiyo si jambo la bahati mbaya linalotokea mara moja. Kila msimu watu watahamishwa, na kuna mji utakaowapokea.

Wamarekani wana sheria yao ya 1988: rais akishatangaza maafa, serikali kuu inarudisha si chini ya asilimia 75 ya gharama za dharura zinazokubalika. Houston ilipopokea maelfu waliokimbia kimbunga Katrina mwaka 2005, ilijua risiti zake inazipeleka wapi. Najua mtasema wale wana hela, na nao wanavutana kuhusu risiti. Sawa. Mimi siombi dola. Naomba nionyeshwe dirisha la kupeleka madai, fomu yake, na kifungu cha bajeti kitakachoyalipa.

Kama humu kuna mtu wa mipango au uhasibu wa halmashauri, atuambie gharama hizi zinaombwa kwa kifungu kipi, na kama daftari la mkono linakubalika. Na kama kituo chenu kimewahi kurudishiwa, iwe Kondoa, Mpwapwa, Singida au Babati, semeni barua mliandika kwa nani na nakala kwa nani. Ujumbe wa faragha (PM) uko wazi kwa wanaoogopa.

Wale wa "uzalendo kwanza" piteni uzi mwingine, mkaguzi anataka majibu kwa maandishi.