Kisukari cha mimba: programu ya simu janja, meseji au menyu ya nyota reli?

Mchora_Menyu (Masasi)
Wadau, habari za jioni. Tunatengeneza huduma ya simu kwa wajawazito wenye kisukari, tukianzia Masasi na Nachingwea. Mama anapima sukari nyumbani, namba inamfikia muuguzi, muuguzi anamjibu. Tumebakiwa na njia tatu.

Ya kwanza ni programu ya simu janja. Ina grafu na picha za vyakula, inapokea namba moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kupimia, na mtandao ukikatika inaitunza mpaka urudi. Ya pili ni meseji ya kawaida. Ya tatu ni menyu ya nyota reli, kama ile ya kutuma pesa. Naegemea ya kwanza kwa kuwa mama haandiki namba mwenyewe, makosa yanapungua. Nyie mnaonaje?

Mkunga_Newala
Kaka, wengi ninaowahudumia wana kitochi, na kwa wengine hata hicho kitochi ni cha mume. Wizara ya Afya ilipoanzisha Wazazi Nipendeni mwaka 2012, mama alituma neno "mtoto" kwenda 15001, bure kabisa, akawa anapata ujumbe kulingana na umri wa mimba yake. Kijijini ulifika kwa sababu haukudai simu ya bei.

Ila ule ulikuwa wa kuelimisha, na kisukari kinahitaji jibu. Kwa kawaida tunataka sukari iwe chini ya 5.3 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita) asubuhi kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 zikipita saa mbili. Mama akituma 9.4 akajibiwa "asante, tumepokea", amesaidiwa nini? Na anayechoma insulini akituma 3.1, hiyo ni dharura: anywe maji ya sukari papo hapo, apime tena baada ya dakika 15, na apigiwe simu. Kabla hujachagua njia, niambie namba ya saa tatu usiku itapokelewa na nani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko rangi ya grafu.

Mama_wa_Lindi
Namuunga mkono dada mkunga. Mimi kisukari kiligundulika mimba ikiwa na miezi sita, baada ya kunyweshwa ile glukosi na kutolewa damu mara kadhaa. Simu janja ninayo, nikapakua programu moja ya kigeni. Inaniuliza kuhusu vyakula ambavyo sijawahi kuviona sokoni! Ugali wa muhogo haumo, ming'oko haimo, mbaazi za nazi hazimo. Sasa mtu wa huku atajuaje apunguze nini kwenye sahani? Mimi nilisaidiwa na muuguzi aliyenionyesha kwa mkono: ugali uwe hivi, mboga na samaki viongezeke.

Meseji siipendi. Wifi yangu alishika simu, akasoma, kesho yake mtaa mzima unasema nina sukari. Menyu ukishaifunga haibaki kitu cha kusomwa. Na jamani, wekeni habari za Ramadhani. Wengi tunafunga kimyakimya bila kumwambia mtu hospitali.

Fundi_Kilwa
Naomba niitetee programu kidogo. Kwa muuguzi ndiyo inayofaa: aone wagonjwa wake wote, aliyevuka kiwango awe juu kabisa kwa rangi nyekundu. Kwa mama, menyu. Lakini menyu ina tabia ya kukatika mtu akichelewa kubonyeza, kwa hiyo maswali yasizidi matatu: umepima kabla au baada ya kula, namba ngapi, unajisikiaje.

Kwenye meseji watu wataandika 5.3, 5,3 na 53. Menyu inaweza kuikataa 53 hapohapo na kuuliza upya. Halafu kuna mashine zinazosoma kwa miligramu, ambapo 95 ni sawa na 5.3. Msipouliza mapema mama anatumia mashine gani, mtamtisha bure au mtamwacha kwenye hatari. Na msisahau Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: taarifa za afya ni nyeti, ridhaa ya mama iombwe kwa Kiswahili anachokielewa.

Maabara_Tandahimba
Mmesahau stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu kwenye mashine. Mashine mama anaweza kupewa, stripu zikiisha huduma yote imekufa, iwe ya programu au ya menyu. Mfumo uhesabu zilizobaki na kumwarifu muuguzi kabla hazijaisha. Msimu wa korosho familia zinahamia mashambani, kurudi kituoni ni safari.

Jambo jingine, mikono. Mama ametoka kukamua mabibo au kumenya embe, anajichoma kidole, mashine inasoma 12. Ni sukari ya tunda iliyo kwenye ngozi. Kabla ya kupokea namba kubwa, menyu imwambie anawe kwa maji na sabuni, ajikaushe, arudie. Na kopo la stripu lifungwe muda wote, unyevu wa huku unaziharibu.

Mchora_Menyu (Masasi)
Nimewasoma wote, asanteni sana. Menyu kwa mama, programu kwa muuguzi, na namba ya hatari ifuatwe na simu ya kupigwa, siyo meseji. Hatutaanza kusajili mama yeyote mpaka zamu ya usiku ipate mtu. Dada mkunga, swali moja: akishajifungua tumwondoe kwenye mfumo?

Mkunga_Newala
Hapana, usimwondoe. Wiki ya 6 hadi ya 12 baada ya kujifungua anatakiwa apimwe tena, maana wengi wanapona lakini hatari ya kupata kisukari cha kudumu baadaye inabaki kubwa. Hapo ndipo tunapowapoteza, kwa sababu mama anamleta mtoto kliniki ya chanjo na yeye mwenyewe hapimwi. Uunganishe ukumbusho wake na chanjo za wiki ya 6 na ya 10, aje mara moja kwa mambo yote mawili.