Ratiba ya Jumamosi kwenye kituo cha jamii ya LGBTQ: ipangwe vipi ili watu waendelee kuja?

Mratibu_Nakuru:

Habari zenu. Tumekodi nyumba ya vyumba vitatu hapa Nakuru. Sebule inatosha watu ishirini kwenye viti vya plastiki, kuna chumba kimoja cha faragha, na kingine ni stoo. Wanaokuja ni wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, watu wa trans (wasiojitambua na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa), na wenzetu wachache waliotoka Uganda. Tuna watu wanne wa kujitolea, waelimishaji rika wote, hakuna mwanasaikolojia. Bajeti ni shilingi 6,000 kila Jumamosi, nauli zikiwemo.

Tatizo ni lile linalojulikana na wengi humu: Jumamosi ya kwanza nyumba inajaa, na baada ya mwezi wanabaki marafiki wa waandalizi tu. Naomba msaada kwa mambo matatu. Ratiba yenyewe ikaeje? Mfadhili anataka daftari lenye jina, namba ya kitambulisho, simu na sahihi, tufanyeje? Na mtu akija na mzigo mzito wa moyo, sisi tusio wataalamu tunaanzia wapi na kuishia wapi?

---

ChaiKwanza:

Ndugu Mratibu, watu huacha kuja kwa sababu tatu: hawajui watakuta nini, wanarudi nyumbani gizani, au wamefika wakakuta watu wanaojuana wakicheka pembeni. Ratiba itibu hayo kwanza, mada zitafuata.

Shika siku moja na saa moja, usihamehame. Saa nane mchana hadi saa kumi na nusu inafaa, maana hata anayebadilisha matatu mara mbili atafika kwake kabla ya jua kuzama. Usipange "siku kubwa" yenye spika na mapambo kila mwezi. Inakula pesa ya wiki nne, inaamsha majirani, na wiki inayofuata nyumba huwa tupu.

Chakula kiwe mwanzoni. Wengine wanafika bila kula tangu asubuhi, na mwenye njaa hawezi kusikiliza habari za hisia. Chai ikitangulia, wanaochelewa nao hawakatizi mazungumzo. Kwa watu 15 chemsha lita mbili za maji na lita mbili za maziwa, agiza mandazi 30, na sukari iwekwe pembeni kila mtu ajipimie, kwa sababu wapo wenye kisukari wasiopenda kujitangaza. Hiyo haitafika 1,000. Nauli ikiwa wastani wa 200 kwa kila mmoja ni 3,000. Zinazobaki zisimalizwe siku hiyo hiyo: ndizo simu za kufuatilia wasioonekana na nauli ya dharura ya kumpeleka mtu hospitali.

Baada ya chai, mduara wa saa moja na nusu. Watu wanane hadi kumi na wawili, waongozaji wawili. Wakizidi kumi na wawili gawa miduara miwili, kwa kuwa kwenye mduara mkubwa watatu wataongea na waliobaki watakuwa watazamaji. Mwongozaji mmoja anaongoza mazungumzo. Wa pili kazi yake ni kutazama nyuso: nani amenyamaza ghafla, nani ametoka nje na hajarudi. Huyo wa pili ndiye anayeinuka kumfuata. Mkiwa na mwongozaji mmoja tu, mtu atatoka akilia na hakuna atakayejua alikoelekea.

Anzeni kwa kanuni chache zinazosomwa kila wiki hata kama wote wanazijua: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, simu zinakaa kwenye kikapu mlangoni, unaweza kupitisha zamu yako bila kutoa sababu, hakuna kumshauri mtu ambaye hajaomba ushauri. Mada iwe ndogo na ya kushikika. "Afya ya akili" ni pana mno. "Nifanye nini nikipigiwa simu nyumbani niulizwe lini naoa?" inafungua midomo. Dakika kumi za mwisho ni za kushuka: kila mtu ataje kitu kimoja atakachofanya kesho. Usimwachie mtu mlango akiwa bado katikati ya jambo zito.

Wiki moja kati ya nne iwe ya mwili badala ya maneno: mpira, dansi, kupika pamoja. Kuna watu hawataongea kwenye mduara miezi mitatu lakini watasimulia kila kitu wakimenya vitunguu. Na timu ya mpira uwanjani haimshangazi mtu yeyote mtaani.

Chama cha kuchangiana pesa kwa zamu ni kitu kizuri, mia mia kila wiki watu kumi na wawili, anayepokea anaondoka na 1,200. Lakini kiwe siku tofauti na mduara, na mweka hazina asiwe mfanyakazi wa kituo. Vikichanganywa, aliyekosa mchango wiki hii anaona haya kuja hata kwenye mduara, na ndiye aliyeuhitaji zaidi.

Jambo jingine: msifanye vipimo vya virusi vya Ukimwi siku ya mduara. Kituo kikiwa na chumba kimoja cha faragha, kila mtu anaona nani ameingia, nani amekaa dakika tano na nani amekaa arobaini. Weka kadi ukutani yenye jina la kituo cha afya, saa zake na jina la muuguzi anayepokea watu kwa heshima. Kadi isisahau PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya kujiweka hatarini: inapaswa kuanza ndani ya saa 72 tangu mtu ajiweke hatarini, mapema zaidi ni bora, na humezwa siku 28. Thibitisha inapatikana wapi Jumamosi usiku na Jumapili, maana huduma nyingi zinazopokea watu wetu bila kuwabagua zilipungua baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari 2025, na kadi ya zamani inaweza kumpeleka mtu kwenye mlango uliofungwa.

---

Daftari_Safi:

Kuhusu daftari: usiandike majina. Karatasi moja yenye majina, vitambulisho na sahihi ikitoka kwenye hiyo nyumba inaweza kuwafukuzisha watu kumi na tano kazi au nyumbani kwao.

Tumieni msimbo ambao mtu anautengeneza mwenyewe kila anapokuja: herufi mbili za kwanza za jina la mama, tarehe ya kuzaliwa bila mwezi wala mwaka, herufi mbili za kaunti alikozaliwa. Mama ni Wanjiru, kazaliwa tarehe 14, Kiambu: WA14KI. Hakuna haja ya orodha ya kuunganisha msimbo na jina, kwa hiyo hakuna orodha ya kuibwa. Mfadhili anapata alichohitaji kweli: watu wangapi, wangapi wapya, wangapi wamerudi. Mara chache watu wawili watagongana. Ongeza herufi ya kwanza ya jina la utani.

Mfadhili akikaza, mjibu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataja mwelekeo wa kimapenzi na hali ya afya miongoni mwa data nyeti za mtu. Orodha ya wahudhuriaji wa kituo chenu ni data nyeti hata ikiwa na majina matupu, kwa sababu kuwemo tu kunaeleza jambo. Pendekeza msimbo, idadi, na risiti za manunuzi. Wengi hukubali wakielezwa mapema kabla ya mkataba, na hugoma wakielezwa siku ya ukaguzi.

Nauli nazo zinavujisha siri. Ukituma kwa M-Pesa, ujumbe unabeba jina la mtumaji na unabaki kwenye simu ambayo mke, mama au kaka anaweza kuishika. Lipa taslimu, mtu aandike msimbo wake kwenye karatasi ya malipo. Ikilazimu M-Pesa, itoke kwenye namba ya biashara yenye jina la kawaida kabisa.

WhatsApp: kundi la kawaida linaonyesha namba za wote kwa wote. Mtu mmoja mwenye hasira anapiga picha ya skrini na kazi imeisha. Orodha ya matangazo ni salama zaidi kwa kuwa kila mmoja anapokea peke yake, ila kuna mtego: ujumbe haumfikii asiyehifadhi namba yenu. Siku ya kwanza mtu akija, ahifadhi namba mbele yenu, kwa jina atakalolichagua yeye ("Fundi Viatu", "Saluni", lolote). Ujumbe wenyewe useme "Jumamosi saa nane kama kawaida" basi. Picha za ripoti ziwe za vikombe, mikono na viti, na kamera izimwe kurekodi mahali (location) kabla ya kupiga.

---

Mnasihi_Pwani:

Nijibu la tatu, na nimwombe Mratibu alichukulie kwa uzito kuliko ratiba.

Waelimishaji rika wanaweza kufanya kazi kubwa wakiwa na mipaka. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Problem Management Plus, ulioandaliwa kwa wasaidizi wasio wataalamu, na ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliokuwa wamepitia ukatili. Ni vikao vitano vya dakika 90, kimoja kwa wiki: kutuliza mwili kwa pumzi, kutatua tatizo moja kwa hatua, kurudia shughuli ulizoacha, kujenga watu wa kukushika mkono, na kujilinda usirudi nyuma. Msiuanze kwa kusoma kitabu tu. Unahitaji mafunzo na msimamizi wa kuwasikiliza mara kwa mara. Na haumfai mtu aliye na mpango wa kujiua sasa hivi au aliyepoteza mwelekeo wa uhalisia. Huyo ni wa hospitali.

Kwa kupima dalili za sonona mnaweza kutumia fomu ya PHQ-9, maswali tisa, jumla 0 hadi 27. Kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa zaidi. Kosa linalofanywa sana ni kutazama jumla na kuruka swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu anaweza kuwa na jumla ya 7 na swali la tisa akaweka 2. Jibu lolote juu ya sifuri hapo, mwongozaji anakwenda naye chumba cha faragha siku hiyo hiyo. Msijaze fomu kama hakuna atakayeisoma kabla mtu hajaondoka.

Mkiwa chumbani, ulizeni waziwazi: "Umefikiria kujiua? Umepanga namna gani? Hicho kitu kiko wapi?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata akiahidi. Sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge viondolewe anakolala, na mtu anayemwamini aambiwe, lakini amchague yeye. Msipige simu kwa wazazi bila idhini yake. Kwa watu wetu mara nyingi nyumbani ndiko jeraha lilikoanzia. Namba 1199 ya ushauri nasaha ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni ya bure. Na hofu ya zamani ya kumpeleka mtu hospitali akakamatwa ina jibu sasa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Orodha ya rufaa, yaani ya mnakompeleka mtu kwa matibabu, iwe ya watu, si ya majengo. Jina la daktari au muuguzi, siku zake, ada, na nani kituoni atamsindikiza mgonjwa. Mpigieni kila baada ya miezi mitatu, wahudumu huhamishwa. Wasaidieni watu wajisajili SHA (bima ya afya ya taifa) wakiwa wazima. Kuanza usajili usiku wa dharura ni mateso.

Msaidizi mmoja asibebe watu zaidi ya wanne kwa wakati mmoja, na asitoe namba yake binafsi. Kuwe na simu ya kituo yenye saa zake.

---

Msaidizi_wa_Sheria:

Kwa ufupi. Vifungu 162, 163 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya ngono ya jinsia moja, bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Vinahusu vitendo vya ngono. Kukaa, kunywa chai na kuzungumza si kosa, na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, iliamua kuwa kuwanyima watu wetu usajili wa chama ni ubaguzi.

Polisi wakija: msemaji mmoja tu, aombe vitambulisho vyao na hati ya upekuzi, wengine wakae walipo. Hakuna anayefungua simu yake kwa hiari. Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza, kupata wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa ni wikendi (Katiba, kifungu cha 49). Uchunguzi wa lazima wa njia ya haja kubwa ulitangazwa kuwa haramu na Mahakama ya Rufaa, Mombasa, Machi 2018. Mtu akatae na aseme anasubiri wakili. Namba ya wakili iwe kichwani au kwenye kikaratasi, kwa kuwa simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Mkataba wa nyumba uandike matumizi yenu kwa ukweli wa jumla: mikutano na mafunzo. Mkiandika "makazi", mwenye nyumba amepata sababu ya kuwatoa.

---

Mratibu_Nakuru:

Asanteni sana, nimechapisha yote. Mawili yamebaki. Wanawake wanakuja mara moja hawarudi. Na mji ni mdogo, kwenye mduara utakuta wapenzi wa zamani wawili, mara nyingine na mpya wa mmoja wao.

---

ChaiKwanza:

Wapeni wanawake saa yao na mwongozaji wao. Miaka mingi pesa za vituo zilikuwa za Ukimwi na zililenga wanaume, kwa hiyo mada, mabango, hata utani wa mlangoni umezoea wanaume, na mwanamke akiingia anajiona mgeni. Wengi wana watoto: mkeka, penseli za rangi, na mtu mmoja wa kuwaangalia kwenye chumba cha stoo vitawaleta kuliko mada yoyote. Saa nne asubuhi inawafaa wengi kuliko mchana. Wenzetu wa Uganda nao waulizwe lugha; akikaa mwenye Kiganda karibu nao wa kutafsiri kwa sauti ya chini, wataongea.

Kuhusu wapenzi wa zamani, anayepokea watu mlangoni amuulize kila anayejiandikisha, faraghani: "Kuna mtu usingependa kukaa naye mduara mmoja?" Asiulize kwa nini. Gawa miduara kwa majibu hayo. Mkiwa na mduara mmoja tu, wapishane wiki, na anayepishwa apigiwe simu Ijumaa ajue wiki yake ni ipi. Waongozaji wenu wasiwe na uhusiano na mtu wa mduara wanaouongoza. Ukianza, mwongozaji ahamie mduara mwingine wiki hiyo hiyo.