Je, taarifa ya habari ya televisheni inazidisha vifo vya watu maarufu?

Mtazamaji_Mbale:
Salamu wakuu. Hapa Uganda akifa mwanamuziki au mheshimiwa, taarifa ya saa tatu usiku inageuka matanga. Leo amefariki, kesho maiti imewasili, keshokutwa mkesha, halafu misa, halafu maziko, na wiki ya pili ugomvi wa mali. Mwaka 2017 alipozikwa tajiri Ivan Ssemwanga kule Kayunga, noti zilizotupwa kaburini zilirudiwa hadi watu wakazoea rangi zake. Wanaojua kazi ya chumba cha habari watueleze: ni watazamaji ndio wanaotaka hivyo, au kuna sababu nyingine? Na mtu atapimaje kwamba imezidi, maana kila mmoja hapa ana hisia zake?

Meza_ya_Habari:
Watazamaji wamo, ila si wao peke yao. Anza na hesabu. Taarifa ya dakika 60, ukitoa matangazo ya biashara, michezo na hali ya hewa, hubaki kama dakika 36. Ripoti ya kawaida pamoja na utangulizi wa msomaji hula karibu dakika 3, kwa hiyo una nafasi 12. Siku ya kifo kikubwa weka ripoti kuu dakika 3, wasifu 4, rambirambi za wanasiasa 3, na mwandishi aliye mubashara nyumbani kwa marehemu 4. Hizo ni 14. Zaidi ya theluthi imekwenda, na nafasi zilizobaki ni 7.

Sasa kwa nini mhariri anakubali? Kwanza, msiba una ratiba. Familia au kamati ya mazishi inatoa karatasi: saa ya kuwasili Entebbe, kanisa, uwanja, kijiji. Habari nyingine zote za siku hiyo zinaweza kukwama (waziri hapokei simu, hati haijatoka), lakini jeneza litafika. Kila kituo cha ratiba ni ripoti moja yenye picha za uhakika. Spika wa Bunge letu, Jacob Oulanyah, alifariki Seattle, Marekani, tarehe 20 Machi 2022 na kuzikwa Omoro tarehe 8 Aprili. Hesabu siku zilizo katikati uone ni taarifa ngapi zilizopata cha kusema bila mhariri kuumiza kichwa.

Pili, picha za maktaba. Wasifu wa mtu maarufu unaweza kuandaliwa akiwa bado mzima, ukabaki kuongezewa tarehe tu. Ni dakika 4 zisizohitaji mafuta ya gari.

Tatu, na hili watu hawalioni, ni vifaa. Matangazo ya mubashara mara nyingi hutumia begi lenye laini kadhaa za simu zinazounganishwa kubeba picha. Kwenye maziko ya kijijini begi hilo hufeli kwa sababu umati mzima unarusha video kwa simu na mnara unaelemewa. Njia salama ni kupeleka gari la setilaiti siku moja kabla. Gari likishafika huko na wafanyakazi wake wamelala huko, hakuna meneja atakayekubali litumike dakika 3 tu. Hotuba zote zitarushwa, hata ya diwani aliyekuja kuomba kura. Na gari lililoko Omoro haliko Karamoja.

Nabukalu_K:
Mzee wa Meza umesema vizuri, ila msitie vifo vyote kapu moja. Mwanariadha wetu Rebecca Cheptegei alichomwa moto nyumbani kwake Kenya, akafariki hospitali ya Eldoret tarehe 5 Septemba 2024, wiki chache tu baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris. Mwanariadha Agnes Tirop wa Kenya aliuawa nyumbani kwake Oktoba 2021. Hapo kumtaja mara nyingi kuliwalazimisha watu kuzungumza juu ya mali za wanariadha wa kike na wanaume wanaozinyemelea. Tofauti ni kama ripoti ya tatu ina jambo jipya: mashtaka, umiliki wa ardhi, polisi walipelekewa malalamiko au la. Kama ripoti ya tatu ni orodha ya waliovaa nyeusi, hiyo ni kujaza muda.

Takwimu_Gulu:
Swali la kupima lina jibu, na halihitaji pesa. Fungua jedwali lenye safu sita: tarehe, nafasi ya habari katika taarifa (ya 1, ya 2…), mada, sekunde, kuna jambo jipya au la, kilichoonyeshwa. Tumia saa ya simu, andika sekunde wala si dakika, maana utangulizi wa sekunde 25 ukirudiwa mara sita unakuwa ripoti nzima.

Pima siku 7 kabla ya kifo, siku zote za msiba, na siku 7 baada ya maziko. Mtu akikuambia utumie wiki ya kuunganisha (Jumatatu ya wiki hii, Jumanne ya wiki ijayo), mbinu hiyo ni nzuri kwa habari za kawaida lakini msiba itauruka kabisa.

Makosa yanayoharibu kazi: kuhesabu matangazo ya biashara kama habari, kutumia klipu za YouTube, ambazo mara nyingi hukatwa na kupakiwa zile zinazovutia tu, na kuchanganya taarifa ya Kiganda ya jioni na ya Kiingereza ya usiku, kumbe picha ni zilezile. Safu ya "jambo jipya" ndiyo inayobishaniwa, kwa hiyo watu wawili wapime taarifa zilezile, kila mmoja peke yake, angalau moja kati ya kumi. Wakitofautiana sana, maana yenu ya "jipya" haijakaa sawa, irekebisheni kabla ya kuendelea.

Halafu usiishie kwenye sekunde za marehemu. Tafuta kilichosukumwa nje.

Mtazamaji_Mbale:
Asanteni. Na tukishapata jedwali, tunalipeleka wapi? UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda?

Meza_ya_Habari:
Anza na kituo chenyewe, kwa maandishi: tarehe, saa, jina la kipindi, unacholalamikia. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 inamtaka mtayarishaji ahifadhi rekodi ya kilichorushwa kwa siku 60 angalau, kwa hiyo usichelewe. UCC ni hatua ya pili. Lakini ujue viwango vya chini vilivyo kwenye sheria hiyo vinagusa maadili, vurugu na upotoshaji wa ukweli. Hakuna kifungu cha idadi ya dakika za msiba. Barua ya "wamezidisha" itasomwa na kuwekwa. Barua ya "walionyesha maiti" ina pa kushika.

Waingereza walilalamika kwa wingi. Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, alipofariki tarehe 9 Aprili 2021, BBC iliweka kipindi kilekile kwenye BBC One na BBC Two, ikasimamisha BBC Four, na ikapokea malalamiko 109,741. Wengi hawakuwa na neno na marehemu. Walikerwa kwamba hata ukibadilisha chaneli unakuta kilekile. Hapa kwetu chaneli zinashindana, kwa hiyo hakuna anayeziamuru ziungane, zinafanana zenyewe tu kwa kuogopana.

Takwimu_Gulu:
Mkitaka wiki ya kuanzia, chukueni ya Septemba 2022, kama kuna mwenye rekodi kamili. Malkia Elizabeth alizikwa tarehe 19. Siku hiyohiyo kijana wa miaka 24 alifariki hospitali ya Mubende, na tarehe 20 Wizara ya Afya ikatangaza Ebola, ile aina ya Sudan isiyokuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Hadi inatangazwa kwisha Januari 2023 ilikuwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa. Msiwalaumu wahariri kwa taarifa ya tarehe 19, tangazo lilikuwa bado. Pimeni usiku wa tarehe 20, 21 na 22: Mubende ilikuwa habari ya ngapi, ilipewa sekunde ngapi, na je, dalili na namba ya kupiga bure zilisomwa au ziliachwa.

Nabukalu_K:
Na lugha ipi. Namba ikisomwa kwa Kiingereza peke yake, msiipe alama.