Eti tukarine asali! Huyu jamaa wa ditekta safari hii kavuka mpaka

Mzee wa Moramu (mleta uzi)

Wakuu, voisi mmeisikia, msijifanye hamjaisikia. Jamaa anayetukodishia ditekta, mashine za kusikilizia dhahabu ardhini, simtaji, hana haja ya kutajwa. Ni yule wa kofia ya jangwani, miwani ya jua mpaka saa mbili usiku, mashine kazianika kwenye turubai utadhani anauza vitunguu. Kaulizwa kistaarabu kabisa, kwenye grupu la watu zaidi ya mia mbili, kwa nini ditekta zake zinapiga kelele kila hatua kuanzia Nzega mpaka Sikonge. Akajibu huku anatafuna kitu: "Mashine zangu zimetoa dhahabu jangwani Sudani. Watu wa Tabora mikono yenu mizito. Rudini mkarine asali."

Mkarine asali! Tena kacheka. Voisi ina sekunde arobaini, na kumi kati ya hizo ni kicheko.

Sasa tuongee mashine. Kile anachokikodisha si mashine ya dhahabu. Ni mashine ya kutafutia sarafu ufukweni. Masafa ya mawimbi yake hayafiki hata kilohezi 10, usawazishaji wa udongo (kuizoesha mashine isiisikie ardhi) umefungwa kiwandani, huna kitufe wala kirungu cha kugusa. Ukiipeleka kwenye mchanga mkavu usio na chuma itatulia. Ukiileta kwenye moramu yetu nyekundu, ambayo ni chuma kitupu, inaisikia ardhi yenyewe, inalia kuanzia unapoiwasha mpaka betri inakata roho. Mtu anachimba mashimo sitini anaambulia kokoto nyeusi sitini. Halafu anaambiwa ana mkono mzito. Arudi akarine asali!

Na lile igizo lake la pete! Anavua pete yake ya ndoa, anaitupa chini, anapitisha koili, lile duara la waya la chini ya mashine, inalia piiii, watu wanapiga makofi. Pete ni duara lililofungwa. Umeme unaozalishwa na koili unazunguka humo bila kizuizi, kwa hiyo pete italia kwa nguvu kuliko kipande cha dhahabu ghafi chenye uzito uleule. Tena ipo juu ya ardhi! Mashine gani ikakosa pete juu ya ardhi? Hata redio ya mkulima ingeisoma ile pete.

Anayetaka kupima mashine afanye hivi: achukue punje ndogo ya risasi ya gobore, maana madini ya risasi hulia karibu sawa na dhahabu, aifukie sentimita 5, halafu 10, kwenye udongo uleule anaokwenda kuufanyia kazi. Siyo kwenye sakafu ya saruji, humo mna nondo. Siyo juu ya turubai. Mwambieni afanye hivyo muone kama kile kicheko kitarudi.

Asali. Mimi nashindwa hata kula.

Koili Nyeusi

Povu lote hilo, mkuu, na hujawaambia watu tofauti ya VLF na PI, aina mbili za ditekta. Ngoja nisaidie, wewe endelea kulia.

VLF inatuma mawimbi muda wote na kusikiliza muda wote. Za dhahabu zina masafa ya juu: Gold Monster 1000 ni kilohezi 45, Gold Bug 2 ni 71. Zinasikia chenga ndogo sana, lakini juujuu tu, sentimita chache, na zikikutana na moramu kali zinachanganyikiwa. PI inatuma umeme kwa mapigo, inakata, ndipo inasikiliza kinachobaki ardhini. Sauti ya udongo kwa sehemu kubwa inachujwa, dhahabu inabaki. Ndiyo maana kwenye udongo mwekundu watu wazima wanashika PI kama GPX au SDC 2300. Mashine hizo zimetoka Australia, na kule udongo wenye chuma wanaujua vizuri.

Kwa hiyo jamaa hata Sudani yake haimsaidii. Waliofurika jangwa la Sudani kuanzia karibu mwaka 2009 walibeba PI kwa wingi, siyo hivyo vya ufukweni.

Siti ya Mbele

Nimeleta karanga na maji. Endeleeni.

Duara Refu

Mleta uzi una haki ya kukasirika, ila tuseme ukweli, mikono mizito ipo. Tembea machimbo yoyote uangalie. Mtu kashika koili usawa wa goti, anaipeperusha haraka, na kila mwisho wa mkono inapanda juu. Kila sentimita ya hewa uliyoacha chini ya koili umeipunguza kwenye kina. Koili inatakiwa ikaribie kugusa ardhi, iwe sambamba nayo, mpitisho mmoja kwenda na kurudi uchukue kama sekunde nne au tano, na kila mpitisho ukanyage nusu ya ule uliotangulia.

Halafu buti za chuma mbele! Simu mfukoni! Sururu begani! Mtu anajipima mwenyewe. Waya wa koili umelegea unachezacheza kwenye mpini, nao unalia. Kifuniko cha chini ya koili kimejaa mchanga mweusi wenye sumaku, hakijafunguliwa tangu kinunuliwe, nacho kinalia. Kwenye hayo jamaa hakukosea, alikosea tu kutaja asali.

Mzee wa Moramu

Alikosea TU? Rudia kusikiliza sekunde ya 22. Kuna sauti ya kulamba vidole pale. Alikuwa anakula asali YETU huku anatutukana.

Bint Urambo

Huyo huyo mtu wenu ndiye anauza na ile mashine ya antena mbili. Inasoma dhahabu kilomita moja na kina cha mita 30, eti unaingiza jina la madini halafu antena inageuka yenyewe. Jamani hicho kifaa ndani hakina kitu. Antena inageuka kwa sababu kiganja chako kimeinama kidogo bila wewe kujua. Mwaka 2013 Uingereza walimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza ADE 651, antena ya aina hiyohiyo, akiwaambia Irak inanusa mabomu. Ilitokana na kidude cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu! Watu walikuwa wanaitegemea kwenye vizuizi vya barabarani.

Ditekta ya kweli haisomi mita. Kipande cha gramu 1 ukikipata sentimita 20 chini kwa PI nzuri, shukuru. Wakia nzima, yaani gramu 31, labda nusu mita au zaidi kidogo. Anayekuahidi mita tano mwambie achimbe yeye kwanza.

Mgebuka Mkavu

Salamu kutoka Kigoma. Kwa kweli na nyie mna bahati, mmeambiwa mkarine asali, sisi angetuambia tukakamue mawese.

Huku Uvinza tatizo ni chumvi. Udongo wa chumvi ukikauka hauna neno, ukilowa unapitisha umeme, mashine inaimba taarabu. PI nayo haiponi hapo. Unaweka koili ya DD (waya mmoja unatuma, mwingine unasikiliza) badala ya mono (waya mmoja kwa kazi zote), unatumia mpangilio wa chumvi kama mashine inao (GPX 5000 inayo miwili), unapunguza usikivu, unainua koili kidogo, au unasubiri jua lifanye kazi yake siku kadhaa. Jangwani pia kuna mabonde ya chumvi, kwa hiyo huyo mjuzi wenu wa Sudani alitakiwa ayajue.

Halafu hapo kwenye kupima, chubwi ya mshipi nayo ni risasi. Ikate vipande, gobore la nini.

Mzee wa Moramu

Chubwi, gobore, vyote sawa. Hoja ni kwamba mtu mzima kashika simu, kabonyeza kitufe cha kurekodi, kavuta pumzi, kisha kasema ASALI.

Koili Nyeusi

Mkuu unaumwa na asali kuliko nyuki.

Niongeze la kusawazisha, maana hapa ndipo wengi wanafia. Kwanza zima kelele za umeme: simama mbali na nyaya na mashine za wenzako, koili imetulia, bonyeza kitufe cha kutafuta chaneli tulivu, subiri imalize. Pili tafuta kipande cha ardhi kisicho na mlio wowote. Bonyeza kitufe cha kusawazisha, inua koili kama sentimita 15, ishushe mpaka karibu kugusa, pandisha, shusha, mpaka sauti isibadilike. Ukisawazisha juu ya msumari umeifundisha mashine uongo kutwa nzima. Tatu, acha ule mlio wa chini uendelee kusikika kwenye hedifoni. Wanaouzima wakidhani wanahifadhi masikio ndio wanaopitwa na dhahabu ndogo, kwa sababu ndogo hailii, inautikisa tu ule mlio.

Na usikivu usiupandishe mpaka mwisho. Kwenye moramu ukishusha kidogo ukapata utulivu, utasikia vingi kuliko aliyeweka mwisho na kelele.

Duara Refu

Na ukipata mlio usirukie sururu. Kwangua juu kwa mguu, pima tena. Mlio ukihama na udongo, kipande kimo kwenye udongo uliokwangua. Chota kwa kijiko cha plastiki, pitisha juu ya koili, gawa nusu, tupa nusu isiyolia, gawa tena. Mwisho kinabaki kiganjani. Sumaku kwenye mpini wa sururu inakuondolea misumari na vipande vya bati kabla hujapoteza muda. Kitufe cha kukataa chuma kwenye PI usikiamini kwa vitu vya chini sana, kinaweza kukuachisha kipande kikubwa. Chimba tu.

Bint Urambo

Halafu kuna hili la sehemu kubwa ya dhahabu ya ukanda wa Nzega kuwa kwenye mwamba, unga ambao hauonekani mpaka uende karashani, kwenye mashine ya kusagia mawe. Huo unga ditekta yoyote duniani haiusomi, hata ukiwa na gramu kumi ndani ya kiroba kimoja, kwa sababu kila punje iko peke yake. Ditekta ni ya vipande vilivyobomoka na kukaa kwenye udongo wa juu, mikondo ya maji ya zamani, na chini ya vilima vyenye mawe meupe. Jamaa anamkodishia mtu mashine mbugani kwenye udongo mweusi wa mita mbili. Hapo hata nyuki hawakai.

Fundi wa Mialo

Mnalia ditekta! Njooni huku kwa wenye makarasha. Unaleta mawe, wanakusagia, unakamata kwa zebaki kinachokamatika, halafu marudio, ule mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kukamatwa, yanabaki kwao. Bure! Zebaki ikifanya vizuri sana bado inaacha dhahabu nyingi kwenye marudio, yule mwenye karasha anayauza kwa watu wanaoitoa dhahabu kwa kemikali ya sayanaidi, anajenga ghorofa. Na ukiomba marudio yako anakwambia "ndio utaratibu". Utaratibu wa nani?

Siti ya Mbele

Haya sasa ndiyo malalamiko. Asali ikae pembeni.

Mgebuka Mkavu

Dhuluma ya marudio haifikii ile ya mizani za wanunuzi wa mtaani. Kapima kikavu gramu 10, kapima ndani ya maji 9.4, anakwambia "dhahabu yako mbovu, karati 14". Gawanya mwenyewe: 10 kwa 0.6 iliyopungua majini ni 16.7, yaani ni nzito kuliko maji mara 16.7. Dhahabu safi ni 19.3, fedha ni 10.5. Kama kilichochanganyika ni fedha tu, hiyo inakuja kama asilimia 81, zaidi ya karati 19 kati ya 24! Karati tano zimeingia mfukoni mwake mchana kweupe.

Mzee wa Moramu

Wakuu, tuko kwenye uzi wa ditekta.

Fundi wa Mialo

Mgebuka, hiyo hesabu ni ya dhahabu iliyoyeyushwa. Ikiwa na jiwe jeupe ndani, uzito wa majini unashuka sana na hesabu inakuangusha kweli. Iyeyushe kwanza ndiyo upime.

Mgebuka Mkavu

Niiyeyushe kwa nani, kwa huyohuyo mwenye mizani? Naye anabaki na masalia kwenye kikombe chake. Ndiyo maana masoko ya madini yalipoanzishwa 2019 watu walishangilia.

Bint Urambo

Walishangilia wenye usafiri. Kutoka machimbo ya porini Sikonge mpaka sokoni nauli ya bodaboda inakula pointi mbili za dhahabu (pointi ni sehemu ya kumi ya gramu), na akikuona una kifurushi anaongeza ya tatu.

Duara Refu

Bodaboda msiwaguse, wanabeba mpaka kompresa. Mwenye shida ni mwenye leseni anayekaa mjini. Hekta 10 zake, hajawahi kuzikanyaga, na mgao anachukua kabla ya aliyechimba.

Fundi wa Mialo

Wa kwetu anachukua asilimia 30, na mifuko ya mawe anachagua yeye.

Mgebuka Mkavu

30 ya mawe au 30 ya dhahabu?

Fundi wa Mialo

Ya mawe. Anakuja na tochi, anachagua yenye madoa.