Rehani ya pili: benki itanipa kiasi gani?

Mwalimu wa Likoni: Ndugu zangu, nyumba yangu imethaminiwa shilingi milioni 8. Rehani imebaki milioni 4.1. Nataka rehani ya pili, yaani mkopo mwingine juu ya nyumba hiyo hiyo, nijenge vyumba viwili uani vya kupangisha. Mawe yameshashushwa langoni na fundi ananipigia kila asubuhi. Mshahara 150,000, makato yote pamoja na rehani 83,000. Nitapata ngapi?

Afisa Mikopo Mstaafu: Mwalimu, benki ikikubali asilimia 80 ya thamani ya nyumba, hiyo ni milioni 6.4. Toa deni, inabaki 2.3. Lakini usiishie hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili za mshahara, yaani 100,000 kwako. Una nafasi ya 17,000 tu kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 15, miaka 10, kila milioni inalipwa karibu 16,130 kwa mwezi. Kwa hiyo ni milioni moja na kidogo.

Mama Kisauni: Na mwenzako lazima atie sahihi kama mnaishi humo. Mimi mume wangu alikuwa safarini, faili ikakaa wiki sita. Tena uliza benki inahesabu bei ya soko au ya kuuza haraka; hiyo ya pili huwa chini.

Mwalimu wa Likoni: Shukrani, kaka na dada. Kumbe mshahara ndio unaobana, si nyumba. Namwambia fundi tuanze na chumba kimoja.